Nenda Ukawauguze Watu Wako: kisa cha Lowitja O'Donoghue na safari ya Mwaborijini hadi usajili wa uuguzi

Kisa hiki kina zaidi ya miaka sabini. Nimekichagua makusudi, kwa sababu kila nikipitia masharti ya leo ya kusomea uuguzi katika vyuo vikuu vya Australia, namwona msichana huyu bado amesimama mezani akisubiri jibu.

Lowitja O'Donoghue alizaliwa mwaka 1932 kaskazini-magharibi mwa jimbo la South Australia. Mama yake, Lily, alikuwa Myankunytjatjara, moja ya jamii za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Baba yake alikuwa mfugaji mwenye asili ya Ireland. Siku aliyozaliwa haikuandikwa popote, hivyo wamisionari wakampangia yao, tarehe 1 Agosti. Alipokuwa na miaka miwili hivi aliondolewa kwa mama yake pamoja na dada zake, akapelekwa Colebrook, makao ya watoto yaliyoendeshwa na wamisionari katika mji wa Quorn. Huko aliitwa Lois. Lugha ya mama yake ilipigwa marufuku na maswali kuhusu wazazi hayakujibiwa. Australia leo inawaita watoto hao Kizazi Kilichoibwa, na mwaka 2008 serikali iliwaomba radhi bungeni.

Alipofika miaka kumi na sita alipelekwa Victor Harbor, mji mdogo wa pwani, kuwa mfanyakazi wa ndani katika familia yenye watoto wengi. Hiyo ndiyo njia waliyochongewa wasichana wa Colebrook: kufua, kupika na kulea watoto wa watu. Hata hivyo Victor Harbor palikuwa na hospitali ndogo ya wilaya. Akapata kazi humo ya muuguzi msaidizi, na kwa takriban miaka miwili akafanya kazi wodini. Matroni wa pale alimwona anafaa. Ila hospitali ile haikuweza kumkamilishia mafunzo. Ili awe muuguzi kamili ilibidi aende Adelaide, kwenye Royal Adelaide Hospital, hospitali kubwa ya jimbo.

Akaenda, na matroni wa huko akamkatalia. Mwenyewe alilisimulia tukio hilo mara nyingi maishani mwake: aliambiwa aende Alice Springs, akawauguze watu wake.

Jibu hilo halikugusa masomo yake wala kazi yake ya wodini. Halikusema amekosa alama au hajui kufunga bandeji. Lilimtaja yeye ni nani, likamwelekeza mahali asipopajua. Alice Springs iko nje ya jimbo lake, katika Northern Territory, zaidi ya kilomita 1,500 kaskazini mwa Adelaide kwa barabara. Lowitja hakuwa amewahi kufika huko. Na hao watu wake walikuwa akina nani? Sera ya serikali ndiyo iliyomtenga nao angali mtoto wa kubebwa. Sasa hospitali ya serikali hiyohiyo inamfukuza mlangoni kwa hoja kwamba ana watu wake, na mahali pake ni huko.

Hakurudi kufua nguo. Alijiunga na chama cha kutetea maendeleo ya Waaborijini cha South Australia, kilichoongozwa wakati huo na daktari Charles Duguid, na suala la wasichana wa Kiaborijini kunyimwa mafunzo ya uuguzi likawa ajenda ya hadhara. Mwaka 1953 ulifanyika mkutano katika Ukumbi wa Mji wa Adelaide, na Waaborijini wenyewe wakapanda jukwaani kueleza madhila yao mbele ya umati wa mjini. Lowitja naye alifikisha malalamiko yake hadi kwa Waziri Mkuu wa jimbo, Thomas Playford. Mwaka 1954 alipokelewa, akiwa miongoni mwa Waaborijini wa kwanza kabisa kufunzwa uuguzi katika hospitali ile. Alikaa hapo kwa miaka kadhaa, akapanda hadi kusimamia wodi. (Faith Thomas, aliyelelewa naye Colebrook, pia alifunzwa uuguzi katika hospitali hiyo, na mwaka 1958 akawa mwanamke wa kwanza wa Kiaborijini kuichezea Australia kriketi ya kimataifa. Wasichana wawili wa nyumba moja, wote waliotarajiwa kuishia jikoni kwa watu.)

Simulizi nyingi huishia hapo: mlango ulifungwa, akaugonga, ukafunguliwa. Mimi nataka kuangalia alipitaje, maana ndipo penye funzo kwa vyuo vya leo.

Kwanza, alianza na kazi. Kabla ya kuomba mafunzo alikuwa ameshakesha wodini, ameshazoea harufu ya dawa na kilio cha wagonjwa, na anajua kwamba anaiweza kazi. Pili, matroni mmoja mzungu katika hospitali ndogo alimwamini na kumsukuma mbele. Tatu, nyuma yake kulikuwa na chama, kwa hiyo alipokataliwa hakubaki peke yake na barua mkononi. Halafu kuna la nne, ambalo sioni likitajwa sana nami naliona zito kuliko yote: mafunzo ya uuguzi ya zama zile yalikuwa ajira. Mwanafunzi alilala katika bweni la wauguzi la hospitali, akala huko, akalipwa mshahara. Ulikuwa mdogo, na kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, lakini binti asiye na wazazi wa kumtumia hela aliweza kujifunza bila kulala njaa.

Hilo la nne ndilo lililoondoka. Mwaka 1984 serikali ya shirikisho ilikubali mafunzo ya uuguzi yatoke hospitalini yahamie kwenye elimu ya juu, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 kazi hiyo ilikuwa imekamilika nchi nzima. Leo muuguzi aliyesajiliwa wa Australia lazima awe na shahada, kwa kawaida ya miaka mitatu. Siwalaumu wauguzi waliopigania mabadiliko hayo. Walichoka kutumiwa kama vibarua wa bei nafuu kwa jina la mafunzo, na elimu ya shahada imeipa kada yao heshima na sauti. Lakini kwa binti anayetoka alikotoka Lowitja, bweni na mshahara viliondoka pamoja, na nafasi yake ikachukuliwa na ada, kodi ya nyumba na mafunzo ya wodini yasiyo na malipo.

Tumfikirie basi binti wa leo. Simpi jina, kwa sababu ni mfano niliouunda kutokana na masharti yaliyopo. Anaishi Oodnadatta, mji mdogo wa jangwani kama kilomita 1,000 kutoka Adelaide. Ana miaka ishirini na minane na watoto wawili, na shule aliiacha kabla ya kumaliza kidato cha mwisho. Anafanya kazi kliniki, anapima presha na sukari, anatafsiri maneno ya daktari anayekuja na ndege na kuondoka. Anataka kuwa muuguzi kamili. Apitie wapi?

Njia zipo, na si chache. Anaweza kuanza na cheti cha mhudumu wa afya wa Kiaborijini, kada ambayo kwa ngazi yake ya juu imekuwa na usajili wa kitaifa tangu Julai 2012. Kutoka hapo anaweza kuchukua stashahada ya uuguzi katika chuo cha ufundi, kama miaka miwili au pungufu kidogo, asajiliwe kwa daraja la chini la uuguzi, kisha aingie chuo kikuu huku masomo aliyokwisha kuyafanya yakihesabiwa, hivyo apunguziwe muda wa shahada. Msomaji wa Tanzania au Kenya ataitambua ngazi hii papo hapo. Wauguzi wetu wengi wamepanda hivyohivyo, cheti kwanza, stashahada baadaye, shahada mtu akiwa tayari na watoto wa sekondari. Akitaka kwenda moja kwa moja, vyuo vikuu vina kozi za maandalizi kwa watu wasiomaliza shule, na karibu kila chuo kina kitengo cha wanafunzi wenyeji wa asili kinachoweza kumhoji na kumpima kwa uzoefu wake badala ya alama za mtihani. Tangu Januari 2024, mwanafunzi yeyote wa Kiaborijini, au mwenyeji wa asili wa visiwa vya Torres Strait vilivyo kaskazini mwa Australia, anayekidhi sifa za kozi ya shahada katika chuo cha umma amehakikishiwa nafasi inayochangiwa na serikali. Sehemu ya ada inayobaki anaweza kuikopa, akailipa kupitia kodi kipato chake kikishafikia kiwango fulani. Tangu mwaka 1969 ipo pia posho ya masomo iitwayo ABSTUDY.

Matroni aliyemkatalia Lowitja hayupo tena mezani, na ukisoma karatasi unaweza kudhani mambo yamekwisha. Yanaanzia kwenye barua.

Ili apate nafasi na misaada iliyotengwa, mara nyingi mwanafunzi hutakiwa kuthibitisha kwamba ni Mwaborijini. Kipimo kinachotumika sana kina sehemu tatu: awe na nasaba, ajitambulishe hivyo, na jamii yake imkubali. Hiyo ya tatu huthibitishwa kwa barua ya taasisi ya Kiaborijini yenye muhuri. Naelewa sababu yake. Bila kipimo, nafasi zingeliwa na wajanja. Lakini mrudishe Lowitja wa miaka ishirini kwenye dirisha la udahili la leo, aulizwe jamii yake ni ipi na nani atamwandikia barua. Angejibu nini? Walimbadilisha jina, wakamnyima lugha, na mama yake hakumjua. Wapo vijana leo ambao bibi zao walichukuliwa kama alivyochukuliwa yeye, na uzi wa ukoo ulikatikia hapo. Kijana wa namna hiyo anatakiwa aonyeshe karatasi ya kitu ambacho serikali ilikifuta kwa kalamu yake yenyewe. Chuo chenye busara humkabidhi kwa mtu wa kitengo, akae naye, amsaidie kutafuta kumbukumbu za makao na za kanisa, na kumpeleka kwenye taasisi za familia zilizotenganishwa. Chuo kisicho na busara kinamwambia fomu haijakamilika. Ukiniuliza, maneno hayo yana ladha ileile ya nenda Alice Springs.

Tuseme barua imepatikana na binti wetu wa Oodnadatta amedahiliwa. Nadharia si lazima imhamishe. Vyuo kadhaa hufundisha kwa vipindi: mwanafunzi anabaki kwao, anasoma kwa mtandao, na mara chache kwa mwaka anasafiri kwenda chuoni kwa wiki moja au mbili. Upo mfuko wa serikali wa kulipia safari hizo, malazi na chakula. Utaratibu huu naupenda, maana haumlazimishi mtu kuchagua kati ya masomo na nyumbani. Lakini hakuna awezaye kujifunza kutunza mgonjwa mahututi kwa mtandao. Masharti ya kitaifa yanataka mwanafunzi wa shahada afanye saa zisizopungua 800 za mafunzo ya wodini, yaani kama wiki ishirini za saa arobaini. Hospitali zenye wagonjwa wa aina zote ziko mijini. Kwa hiyo wiki zile atakuwa Adelaide, amekodi chumba, amevaa sare, anaingia zamu ya saa moja asubuhi. Watoto wamebaki kwa mama yake, mshahara wa kliniki umesimama, na hospitali haimlipi hata senti.

Kwa miaka mingi hapo ndipo wengi walipokatikia. Walikuwa wamefaulu anatomia na hesabu za dozi, wakashindwa kodi ya chumba. Serikali ya shirikisho hatimaye ilianza kutoa posho ya mafunzo ya vitendo tarehe 1 Julai 2025, dola 331.65 za Australia kwa wiki, kwa wanafunzi wa uuguzi, ukunga, ualimu na ustawi wa jamii ambao kipato chao ni kidogo. Ni hatua ya kweli na naipongeza. Lakini chumba cha wiki moja katika mji wa Australia kinaweza kuimeza nusu yake au zaidi, kabla hujahesabu nauli na chakula cha watoto waliobaki nyumbani. Mwanafunzi wa 1954 hakuulizwa kodi ya chumba, alikuwa na kitanda bwenini.

Halafu kuna msiba. Waaborijini hufa mapema kuliko Waaustralia wengine, kwa tofauti inayohesabika kwa miaka, na kifo kwao si habari ya alasiri moja. Ndugu husafiri mamia ya kilomita kwenda kukaa pamoja, na kutokwenda ni kuvunja undugu. Sisi tunaojua uzito wa matanga hatuhitaji kuelezwa. Binti akiwa katika wiki ya tatu ya mafunzo ya wodini, akapigiwa simu kwamba mjomba amefariki, afanye nini? Saa 800 hazina msamaha. Zikikosekana, muhula unaweza kurudiwa. Chuo kinachojua kinafundisha nani kinaweka mapema nafasi za kufidia saa hizo, na mratibu anaarifiwa bila binti kulazimika kumweleza mtu asiyemjua kwamba mjomba kwao ni baba. Pasipo na mpango huo anaondoka kimya kwenda kuzika, na jina lake linaandikwa kwenye orodha ya walioacha masomo.

Na wodini kwenyewe kuna mambo. Anaweza kusikia wauguzi wazoefu wakimjadili mgonjwa wa Kiaborijini kwenye makabidhiano ya zamu kana kwamba ulevi ndio jina lake. Akinyamaza, anajidhulumu. Akisema, anayemwekea alama ni huyohuyo aliyetoa maneno hayo. Muuguzi wa Kimaori wa New Zealand, Irihapeti Ramsden, ndiye aliyeijengea taaluma hii hoja ya usalama wa kiutamaduni: kwamba mwenye haki ya kusema kama huduma ilikuwa salama ni anayehudumiwa, na kwamba muuguzi aanze kwa kujichunguza yeye mwenyewe. Mwaka 2018 hoja hiyo iliingia katika kanuni za maadili za wauguzi na wakunga wa Australia. Naiona kuwa moja ya kazi kubwa zilizofanywa na muuguzi yeyote katika karne iliyopita. Wauguzi wetu kutoka Nairobi na Dar es Salaam wanaokwenda kufanya kazi Perth au Melbourne watakutana nayo. Waichukulie kwa uzito, wasidhani rangi ya ngozi imewamalizia somo.

Sensa ya 2021 iliwahesabu Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait 812,728, yaani asilimia 3.2 ya watu wote. Kati ya wauguzi na wakunga waliosajiliwa, sehemu yao haijafika hata asilimia 2. Chama chao cha kitaaluma kilianzishwa mwaka 1997, mbele akiwa Sally Goold, naye mmoja wa waliofunzwa katika hospitali kubwa za Sydney zama ngumu zilezile. Tangu mwanzo watu wa chama hicho wamesisitiza mambo mawili kwa pamoja, kuwapata wanafunzi na kuwabakisha. Vyuo vilisikia zaidi la kwanza. Kuwapata kuna picha nzuri ya siku ya kupokea wageni. Kuwabakisha ni kazi isiyopigwa picha: simu ya saa nne usiku, mtu wa kumsindikiza binti siku ya kwanza wodini, hela ya dharura ya tairi iliyopasuka njiani.

Kwa hiyo ningekuwa na sauti kwenye bodi ya chuo, nisingeanza na matangazo ya udahili. Ningerudi kwenye mafunzo ya Lowitja nikadai kilichopotea kirudishwe kwa sura ya leo: mwanafunzi wa Kiaborijini aajiriwe tangu mwaka wa kwanza na kituo cha afya kinachoendeshwa na jamii yake, alipwe anapokuwa wodini, na awe na kitanda mjini kisicho na kodi. Vituo hivyo vipo. Cha kwanza kilifunguliwa Redfern, Sydney, mwaka 1971, na katika eneo alikozaliwa Lowitja liko baraza la afya la Nganampa tangu 1983, linalomilikiwa na Waanangu, Waaborijini wa huko, wenyewe. Wanaajiri, wanafahamu nani anafiwa na nani, na hawahitaji barua yenye muhuri kumtambua mtoto wao. Gharama itakuwa kubwa. Lakini tayari serikali inalipa kuleta wauguzi wa muda kwa ndege kutoka miji ya mbali, wakae wiki chache na kuondoka kabla hawajajua majina ya wagonjwa.

Lowitja mwenyewe hakubaki wodini. Alikwenda kuuguza Assam, India, hadi vita vya India na China vya 1962 vilipomrudisha. Baadaye aliongoza taasisi kubwa za watu wake, na mwaka 1990 akawa mwenyekiti wa kwanza wa tume ya kitaifa ya Waaborijini na watu wa Torres Strait. Alifariki Februari 2024. Lakini kabla ya uongozi huo, baada ya kurudi kutoka India, aliajiriwa na idara ya mambo ya Waaborijini ya South Australia, kazi iliyompeleka kaskazini, jangwani. Akiwa dukani Coober Pedy, watu wazima wawili walimwangalia, wakasema huyu ni mtoto wa Lily. Walikuwa shangazi na mjomba, wamemtambua kwa sura tu. Wakamwambia mama yake yuko Oodnadatta, kama kilomita 200 kutoka hapo.

Mwaka 1967 alikwenda. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka thelathini, na lugha ya mama yake hakuwa nayo tena.